Nakubali Sana

Swali la kwanza kwenye kishikwambi lilikuwa: ulizaliwa wapi? La pili: mama yako alizaliwa wapi? La tatu: umeishi hapa kwa muda gani? Baada ya hayo ndipo yalikuja maswali yenyewe, yale yaliyotutoa majumbani mwetu. Naomba msomaji ayashike haya matatu, maana yote yaliyotokea baadaye pale Bangwe yalianzia hapo. Mpaka leo nikiyasikia kwa mtu yeyote, hata kwa muuguzi anayejaza kadi ya kliniki, huutazama mlango kwanza.

Nilikuwa mdadisi. Ndivyo tulivyoitwa, na nyumbani Ujiji walinicheka sana kwa cheo hicho, kwa sababu kwetu mtu mdadisi ni yule anayefunua sufuria za jirani. Kampuni moja ya utafiti ilikuja kutoka Dar es Salaam ikitafuta watu wa hapa hapa waliosoma, wenye kujua Kiha cha kuombea maji. Mimi nilikuwa na cheti cha ualimu na sina darasa la kufundisha. Nilikuwa nikimsaidia mama kuuza vitenge, kazi ambayo sikuipenda na ambayo wateja walijua kwamba siipendi. Wakanichukua. Nikavaa fulana yenye nembo na kofia iliyonibana kichwa, nikajiona mtu.

Kazi ilikuwa kupima maoni ya watu wa mwalo wa Bangwe, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhusha samaki. Kulikuwa na mradi uliotaka kujenga ghala na sehemu ya kupakia mizigo pale ufukweni, mahali ambapo wanawake huanika dagaa. Waanikaji wangehamishiwa juu, upande wa barabara ya Kidahwe, kwenye uwanja wenye uzio, vyoo na bomba la maji. Kwenye picha tuliyoonyeshwa palikuwa pazuri kweli, pamepakwa rangi na kupandwa maua. Ziwa tu ndilo halikuwemo. Sisi tulitakiwa tuwaulize wenyewe kama wanakubali, na mradi uliahidi kwamba bila ridhaa yao hautagusa hata chembe ya mchanga. Niliamini hilo. Naamini hata walioahidi waliliamini.

Mimi sikuwa mtu wa pembeni katika jambo hilo. Mama yangu mdogo alikuwa na vichanja vyake pale Bangwe, vile vya miti na wavu wa waya, vilivyopangwa kuelekea majini. Mumewe alipofariki ndivyo alivyoachiwa, na kwa vichanja hivyo alisomesha watoto na kunilisha mimi kila nilipogombana na mama nikahamia kwake. Dagaa hawangoji. Mitumbwi inapotia nanga asubuhi, unawachukua wakiwa bado wanang'aa, unawatandaza palepale, jua linawapiga kwa juu na upepo wa ziwa unawapita kwa chini, na jioni wamekauka wanalia kama kokoto. Ukiwabeba kwenye ndoo juu ya bajaji hadi kule mlimani, wanafika wamelegea na inzi wamekwisha kuwapokea. Kila mtu pale mwaloni alilijua hilo. Mama mdogo akiondolewa ufukweni, alikuwa hana kingine. Na alikuwa amekwisha kuvuka umri wa kuanza kitu kipya.

Kwa hiyo tulipokuwa kwenye mafunzo, nilinyoosha mkono. Nikamwambia msimamizi wetu kwamba yale maswali matatu ya mwanzo yapelekwe mwisho, au yafutwe kabisa. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, kaka, huku kwetu mgeni akikuuliza mama yako alizaliwa wapi, hakuulizi habari za mama yako.

Alicheka kidogo, si kwa dharau. Alikuwa kijana mpole aliyetokwa na jasho jingi na kupenda samaki wa migebuka kupita kiasi. "Dada, dodoso haliguswi," alisema. "Likishapitishwa limepita. Tukiligusa tutaharibu data."

Sikuendelea. Kumweleza mtu wa Dar jambo hili ni kazi. Kigoma kuna mpaka huku na ziwa huku, na hakuna ukoo usio na bibi aliyevuka kitu: mto, mpaka au maji. Wengine walivuka zamani hata mipaka yenyewe haijajulikana na mtu. Lakini mjukuu wake anajua kwamba ipo siku anaweza kusimamishwa na afisa wa uhamiaji na kuulizwa yeye ni wa wapi, na kwamba jibu lenye kigugumizi linaweza kumharibia maisha. Bibi yetu sisi, aliyemzaa mama na mama mdogo, alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Aliletwa mgongoni akiwa hajui kutembea, akakulia huku, akazalia na kuzikwa huku. Halikuwa jambo la siri nyumbani. Lilikuwa tu jambo ambalo halisemwi mlango ukiwa wazi.

Tukaingia kazini. Asubuhi ya kwanza nilimkuta baba mmoja akitengeneza wavu, anaulaani mradi kwa sauti, amemtaja kila mhusika pamoja na mama yake. Nikamsalimia, "Mwakeye," akaniitikia vizuri, akanipa ndoo nikalie. Nikafungua kishikwambi. Ulizaliwa wapi, mzee? Akaacha kushona. Mama yako alizaliwa wapi? Akatazama fulana yangu, akaisoma nembo polepole, herufi kwa herufi. Umeishi hapa kwa muda gani? "Tangu nizaliwe," akasema, ingawa alikuwa amekwisha kuniambia kwamba alihamia kutoka Uvinza. Na nilipofika kwenye swali la kuhama, swali ambalo alikuwa analijibu kwa matusi kabla sijakaa, mzee yule alinyoosha mgongo na kusema, "Nakubali. Nakubali sana."

"Lakini mzee, sasa hivi ulikuwa unasema..."

"Andika nakubali sana, mwanangu. Maendeleo ni mazuri."

Nikaandika. Ningefanya nini? Nilikatazwa kubishana na mhojiwa.

Ikawa hivyo mwalo mzima. Wanawake waliokuwa wakitukanana kwa ajili ya ndoo ya maji walikubaliana kwa sauti moja mbele yangu. Wachuuzi, wabebaji, hata mama muuza chai ambaye huwa hakubaliani hata na saa ya ukutani. Nakubali sana. Kishikwambi kilikuwa na majibu mengine ya kuchagua, kuanzia "nakubali" hadi "sikubali kabisa", na katikati palikuwa na "sina maoni". Yote hayo yalikaa pale kama sahani za wageni, hayaguswi. Kadiri siku zilivyokwenda nikaanza kuogopa. Ufukwe huo niliujua tangu utotoni, nilijua kelele zake. Sasa nilipotokea na fulana yangu, kelele zilikoma mbele yangu na kuanza tena nyuma yangu, na mimi nilikuwa natembea katikati ya kimya nilichokibeba mwenyewe.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenijibu. Alikuwa mwanamke wa vichanja vya jirani na mama mdogo, mnene, mwenye mdomo, aliyenijua tangu nikiwa natembea bila kiatu. Nilipomuuliza alizaliwa wapi alinitazama kama aliyeona kituko.

"Wewe hujui nilipozaliwa?"

"Najua, mama. Kazi ndivyo ilivyo."

"Basi andika hapa hapa, kwenye mchanga huu." Na nilipofika kwenye swali la kuhama alisimama, akaweka mikono kiunoni, na akanijibu kwa Kiha ili asikike hadi kwenye mitumbwi. "Oya! Oya, oya, oya!" Hapana, na hapana tena, na hapana. "Waambie waliokutuma, dagaa hawapandi mlima. Wakitaka uwanja wenye maua wakaanike maua."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Wanawake wengine hawakucheka. Waliinama juu ya vichanja vyao wakawa wanageuza dagaa waliokuwa wamekwisha kugeuzwa. Nikabonyeza "sikubali kabisa", na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile nilihisi nimefanya kazi.

Sheria ilinikataza kumhoji ndugu, kwa hiyo mama mdogo alihojiwa na msimamizi mwenyewe. Jioni nilipita nyumbani kwake. Nilimkuta anakoroga ugali wa muhogo kwa nguvu isiyohitajika.

"Kijana wenu kaja," akasema.

"Ukamwambia nini?"

Aliendelea kukoroga. "Nakubali sana."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mama yake mdogo: kwamba amejichimbia shimo, kwamba ameuza ufukwe wake kwa kijana asiyejua hata dagaa anaanikwaje. Aliniacha nimalize. Kisha akaepua chungu, akafuta mikono kwenye kanga.

"Aliniuliza mama yangu alizaliwa wapi," akasema. "Nikamwambia Kidahwe. Nimeshamdanganya mwanzo, mwanangu. Mtu uliyemdanganya mwanzo unamgombezaje mwisho?"

Nilinawa mikono. Tulikula, na ugali ulikuwa mgumu.

Kabla kazi haijaisha, jirani yule aliyesema oya alitoweka. Asubuhi moja vichanja vyake vilikuwa vimefunikwa turubai, na mlango wa chumba chake una kufuli. Hakuaga mtu. Siku ile watu walisema labda kaenda sokoni. Siku iliyofuata hawakusema kitu, na hapo ndipo nilipojua wanachofikiri. Hakuna aliyetamka kwamba amechukuliwa. Walikuwa wakinitazama tu nikipita, kisha wakiitazama ile turubai.

Nilimwendea msimamizi roho mkononi. Nikamuuliza majibu ya watu yanakwenda wapi. Akanihakikishia kwamba hayana majina, hakuna anayeweza kujua nani kasema nini. Nilimwamini, na bado namwamini. Nikarudi mwaloni nikawaambia wanawake wale, majibu hayana majina. Walinisikiliza kwa adabu zote. Mmoja akauliza, "Na hiyo mashine, inajua nyumba uliyosimama?" Ilikuwa inajua. Ilikuwa inaweka nukta kwenye ramani, kila nyumba na nukta yake, ili kampuni ihakikishe kwamba hatukukaa chini ya kivuli tukajaza wenyewe. Sikuweza kusema uongo. Nikasema ndiyo, inajua.

Hakuna aliyekwenda kuuliza. Hilo ndilo linalonisumbua hata sasa. Hakuna aliyekwenda kwa mjumbe, wala kituo cha polisi, wala kwa ndugu zake. Kuuliza kungekuwa ni kusimama karibu na kufuli lile. Mama mdogo alikuwa akimwagilia maua ya jirani yake yaliyokuwa kwenye kopo, alfajiri, kabla watu hawajafika, halafu anarudi kwenye vichanja vyake kama mtu aliyeiba. Mimi pia sikuuliza. Nilijiambia kwamba mtu mwenye fulana ile akiuliza atazidi kuwatisha watu, na labda ilikuwa kweli.

Kisha ukaitwa mkutano. Walikuja wageni kwa magari, wakakaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema. Msimamizi wetu akasimama akasoma matokeo: kwamba karibu watu wote wa mwalo wanakubali kuhama, na wengi wao wanakubali sana. Wageni wakapiga makofi. Watu wa mwalo nao wakapiga makofi, na ilikuwa ajabu kuwaona wakijipongeza kwa jambo walilolichukia. Mgeni mmoja, mtu mzima mwenye sauti nzuri, akasema kwamba utafiti ni utafiti lakini yeye anataka wananchi wenyewe waamue kwa macho ya wote, ili kesho asije mtu akasema alilazimishwa. Basi wanaokubali wasimame mkono wa kulia. Wasiokubali, mkono wa kushoto.

Nadhani alikuwa na nia njema. Alisubiri. Alitazama kushoto kwa muda mrefu kuliko kulia, akawaambia wasiogope. Ziwa siku ile lilikuwa limetulia, halina hata kiwimbi, na ile turubai ya jirani ilionekana wazi kutoka pale tulipokuwa, pembe yake moja imefunguka inapigapiga. Watu waliitazama. Kisha baba yule wa nyavu akaanza kwenda kulia, na wengine wakamfuata, wakisukumana kidogo kama wanaogopa kuwa wa mwisho. Mama mdogo alipita mbele yangu. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kupiga picha. Hakunitazama. Alisimama mstarini na mikono ameikunja kifuani, na upande wa kushoto ulibaki mchanga mtupu na mbwa mmoja aliyekuwa amelala pale tangu asubuhi.

Nilipiga picha. Picha ile baadaye ilitundikwa kwenye bango.

Jirani alirudi muda si mrefu baada ya mkutano. Alishuka kwenye boti pale bandari ya Kibirizi akaja na bajaji, madumu ya mawese miguuni, kavaa kitenge kipya, mzima wa afya. Nilikuwa kwa mama mdogo nikimsaidia kuzoa dagaa. Tulimwona akija tukabaki na mikono ndani ya makarai. Mwanamke mmoja alianza kulia, na jirani akadhani analilia msiba wake.

Alikuwa na msiba kweli. Dada yake, aliyeolewa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, miaka mingi, alikuwa amefariki, na ujumbe ulimfikia boti likiwa linakaribia kuondoka. Mama mdogo akamuuliza kwa nini hakuaga hata yeye.

"Niage nini?" alisema. "Niseme nina dada Kongo? Siku mdadisi anapita nyumba kwa nyumba? Leo nina dada Kongo, kesho mimi mwenyewe ni Mkongo."

Yule aliyepaza sauti mbele ya mwalo mzima naye aliogopa. Sikulitegemea hilo. Mdomo wake mkubwa wote ule ulikuwa na mlango ambao nao alikuwa anaufunga kabla ya kusema.

Mama mdogo ndiye aliyemsimulia: kimya, mkutano, mkono wa kulia na wa kushoto. Alimsimulia kwa sauti ya chini, bila kujitetea. Jirani alikaa juu ya dumu lake la mawese. Nilisubiri aanze kutukana, nilitamani atukane. Akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo mlidhani nimechukuliwa?"

Mwanamke aliyekuwa akilia alijifuta uso kwa kanga.

"Mlidhani nimechukuliwa, mkanyamaza?"

Upepo ulikuwa umeanza kuvuma na dagaa waliokwisha kukauka walikuwa wanaruka kutoka kwenye vichanja, na hakuna aliyewafuata. Nilimwona mwanamke yule mnene akiwatazama mmoja mmoja, wenzake wa miaka yote, akiwapima upya. Alikuwa amejua kitu ambacho mtu hapaswi kukijua kuhusu majirani zake akiwa bado anaishi nao. Baadaye aliingia chumbani mwake akafunga mlango. Tangu siku hiyo alisalimia watu wote vizuri, na hakupiga kelele tena.

Vichanja vilihamishwa. Vingine vilivunjika njiani, vingine havikufaa kule juu kwa sababu ardhi ilikuwa na mteremko. Uwanja wa Kidahwe ulikuwa na uzio, na vyoo vilikuwepo kama walivyoahidi. Bomba lilitoa maji. Upepo ndio haukufika. Mama mdogo alianza kununua dagaa waliokwisha kushikwashikwa na wengine, kuwapandisha kwa bajaji kwa nauli iliyokula faida, na kuwaanika kwenye hewa iliyosimama. Wakati wa mvua walioza, akawauza kwa wafuga kuku. Alikonda. Harufu yake ilibadilika, na nilipomkumbatia sikumtambua kwa pua kama zamani.

Uchaguzi mkuu ulipofika nilikwenda naye kituoni, nikamngoja nje. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alinivuta pembeni akanong'ona kwamba kalamu ilikuwa nzito, na kwamba anaogopa alama imeonekana upande wa pili wa karatasi, ndiyo maana ameikunja na kuikunja hadi ikakataa kuingia kwenye sanduku. "Kile kibanda kina kadibodi mbele," akasema. "Nyuma je?" Nilimwambia nyuma kulikuwa na ukuta, mama, ukuta mtupu. Aliitikia kwa kichwa. Nilimjua alivyoitikia. Ilikuwa nakubali sana.

Watu wa Ujiji kule barazani, wakinywa kahawa, hubishana nani atashinda na nani kaibiwa, na kila mmoja ana hesabu yake. Mimi huwa nawasikiliza nikipita. Wanabishana kuhusu sanduku. Mimi nafikiria juu ya mwanamke mmoja ndani ya kibanda cha kadibodi, peke yake, hakuna anayemwona, na bado hayuko peke yake.

Mwaka uliofuata msimamizi alinipigia simu. Mradi ulitaka kujua kama waliohamishwa wameridhika. Nilikuwa bado sijapata ajira, nikakubali. Dodoso lilikuwa jipya, ila lilikuwa limeongezewa kitu: kishikwambi sasa kilirekodi sauti, ili kampuni isikie kwamba maswali yameulizwa kweli. Maswali matatu ya mwanzo yalikuwa palepale. Mashine ilichagua nyumba yenyewe, na ilipochagua, mojawapo ya nukta zangu ikaangukia uwanjani Kidahwe, kwenye vichanja vya mama mdogo. Nikampigia msimamizi, nikamwambia huyu ni ndugu yangu, sheria hairuhusu.

"Wenzako wote wako Kasulu, dada," akasema. "Mhoji tu. Na afadhali ni wewe, atakuambia ukweli."

Nilikwenda nikiwa na matumaini, sioni aibu kusema. Nilijiambia kwamba safari hii atakayeuliza ni mimi, niliyelelewa mgongoni mwake, na kwamba neno lake moja likiingia kwenye mashine ile kutoka mdomoni mwake huenda likafika mahali. Huenda wakawarudisha hata kipande kidogo cha ufukwe. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo, anachambua dagaa weusi. Nikakaa naye. Nikamwambia: mama, safari hii sema. Sema yote. Inzi, nauli, wafuga kuku, upepo. Nimekuja mimi.

Alinitazama kwa upendo kabisa. Akakitazama kishikwambi magotini mwangu, kile kitaa chekundu kinachowakawaka.

"Hiyo inasikia?" akauliza.

"Inarekodi sauti, mama. Kwa ajili ya ukaguzi tu."

Akaweka dagaa chini. Akafuta mikono kwenye kanga, akaiweka kanga vizuri begani. Kisha akainama kidogo na kupiga makofi ya taratibu kwa viganja, yale ambayo Waha humpigia mgeni wa heshima. Alikuwa hajawahi kunipigia mimi.

"Karibu, afisa," akasema.

Nilijaribu kucheka. Nikasoma kilichoandikwa, maana sikujua nifanye nini kingine. Ulizaliwa wapi? Akajibu. Nikaandika. Mama yako alizaliwa wapi?

Bibi yangu. Bibi niliyemshika mkono akikata roho, aliyekuwa akituimbia kwa lugha ya ng'ambo tukiwa tumefunga mlango.

"Hapa hapa Kidahwe, afisa."

Nikaandika Kidahwe. Nikamuuliza kama ameridhika na mahali alipohamishiwa. Alijibu akikitazama kile kitaa, kwa sauti kubwa na iliyonyooka kuliko sauti yake.

"Naridhika. Naridhika sana."

Nilibonyeza. Nikazima mashine, nikaitia kwenye mkoba, nikafunga zipu mbele ya macho yake. "Nimeizima, mama," nikamwambia. "Tuko wawili tu." Nikamshika mkono. Mkono ulikuwa baridi, na haukunishika. Alitazama mkoba, akatazama fulana yangu, halafu akanitazama usoni kwa adabu ileile, akautoa mkono wake taratibu, akapiga makofi tena.

"Ahsante, afisa," akasema. "Njia njema."